Kinga ya Nini Tena?

Maswali ya mwezi huu yanajibiwa, kama kawaida, na nesi wetu mstaafu wa Tabora mjini, aliyekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 31 na mwenyewe kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi mwaka 2014.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo, nina miaka 44. Mke wangu alikuwa anatokwa damu kila tukikutana, tukaenda hospitali, akakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu yakasema saratani ya shingo ya kizazi. Tumepewa rufaa ya kwenda kwenye mionzi. Dada yangu mkubwa anasema mionzi yenyewe ndiyo inayoleta kansa, anataka tuanze na dawa ya mizizi ya mzee mmoja wa kijiji cha pili, mwezi mzima, ndipo twende. Halafu mke wangu anavuta. Anasokota tumbaku yetu wenyewe, tulizoea kuvuta wote usiku tukichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku. Nesi alituambia tuache. Nikamwambia, mtu amekwisha kuugua, sasa kinga ya nini tena? Akaitwa na mgonjwa mwingine, hakunijibu. Tuna mabinti wawili, wa miaka 10 na 13, sijui na wao niwafanyeje. La mwisho nauliza kwa aibu. Nasikia ugonjwa huu unatokana na mambo ya ndoa. Nani kauleta ndani, mimi au yeye?

*Baba wa watoto watano, Urambo*

Jibu: Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na hilo la mwisho, maana nadhani ndilo lililokukosesha usingizi ukashika kalamu.

Saratani hii karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kinapita kwa kujamiiana, kweli, na ni cha kawaida mno: wengi wa watu waliowahi kukutana kimwili hukipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, na mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua kilikuja. Kwa wachache hakiondoki. Hukaa palepale kwenye shingo ya kizazi, kinaharibu seli kidogokidogo, na mpaka ifike saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Sasa hesabu kurudi nyuma. Utajikuta mahali ambapo pengine hujampelekea mkeo hata posa. Alikipata kwako au kwa mwingine, ulikipata kwake au ulikuja nacho, hakuna kipimo kitakachokuambia, hapa wala Ulaya. Nimeona ndoa zikivunjikia kwenye benchi la kliniki kwa kesi isiyo na shahidi. Usiifungue. Na ndugu wakianza kunong'ona, wewe mume ndiye wa kuwanyamazisha, si yeye.

Sasa hilo la "kinga ya nini tena". Nesi yule hakukujibu, nitakujibu mimi, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema nikiwa nimelala kitandani Dar es Salaam.

Nilikuwa na miaka 52, hedhi imekoma miaka mitatu nyuma. Asubuhi moja nikaona tone la damu kwenye kanga. Nesi mzima, nikajipa jibu mwenyewe: maambukizi. Nikanywa vidonge. Damu ikarudi. Nikaenda kituo kimoja, nacho sikitaji, nikapewa vidonge vingine, nikarudi tena na tena, mara tatu, hakuna aliyesema "panda kitandani nikutazame". Na mimi niliyewapandisha mamia ya wanawake kwenye kitanda hicho sikudai. Niliona aibu kuchojoa mbele ya watoto niliowafundisha kazi. Miezi mitano ikapita. Tone moja la damu baada ya hedhi kukoma halisubiriwi hata wiki, na hilo nililisema kwa wengine kila Jumatatu. Nilipopandishwa hatimaye, ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye shingo ya kizazi na kuanza kusogea pembeni.

Wakati ule mionzi ilikuwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Siku hizi hospitali ya Bugando, Mwanza, nao wanatoa mionzi, na kwa mtu wa Urambo ni karibu kuliko Dar. Mimi nilipanda treni, nikafikia kwa mdogo wangu Temeke, na kwenye pochi nilikuwa na kopo la ugoro. Usishangae, nilijifunza kwa bibi yangu Sikonge nikiwa msichana, na gauni jeupe la unesi halikuniachisha. Nesi wa wodini akaliona. Akaniambia niache. Nikamjibu kama ulivyomjibu mwenzake.

Yule binti hakukasirika. Aliniuliza tu: "Mama, kwani wewe una mwili mmoja wa kuugua na mwingine wa kupona?"

Nikufafanulie kwa lugha ya bani, maana baba yangu alikuwa nalo. Ukiziba tundu la hewa chini, kuni zinakuwaje? Zinafuka, haziwaki. Mionzi nayo inaua uvimbe vizuri pale ambapo uvimbe una oksijeni. Mtu anayevuta, damu yake inabeba hewa ya moshi mahali pa oksijeni, mishipa inasinyaa, na mionzi inakuta uvimbe uliozibwa tundu. Anapata kipimo kilekile cha mionzi kama mwenzake, faida pungufu, na madhara zaidi: kibofu na utumbo vinaungua kuliko wa asiyevuta, vidonda vinachelewa kupona. Ndiyo maana watampima pia wingi wa damu mara kwa mara, na ikishuka wataongeza. Upungufu wa damu ni tundu lilelile limezibwa. Kwa hiyo akiacha leo, kabla hata ya siku ya kwanza ya mionzi, anajikinga na ugonjwa kubaki. Hiyo ndiyo kinga ya katikati ya tiba, ambayo watu hawaijui kwa kuwa kwenye mabango tumezoea kuandika "jikinge" juu ya picha ya mtu mzima wa afya.

Ugoro wangu una kesi nyingine: hausingiziwi shingo ya kizazi, lakini unaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya kongosho. Niliutupa chooni siku ya nne. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira za kugombana na mto wa kitanda, kisha zikapungua. Mdogo wangu alikuwa ananiletea matobolwa nitafune mdomo usikae bure. Jaribuni hivyo, na acheni wote wawili siku moja. Yeye hawezi kuacha wakati wewe unafukiza pembeni, na moshi wako anauvuta pia. Najua namwomba mkulima wa tumbaku aache tumbaku. Sikuambii ung'oe shamba, sina cha kukupa mahali pake. Ila mama huyo asiende bani msimu huu, wala asichume majani yenye umande. Nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya ngozi, inatapisha na kuleta kizunguzungu, na nyinyi mtadhani ni dripu za dawa ya saratani zimemzidi, msijue mtibu kipi.

Kuhusu dada yako. Hakudanganya moja kwa moja. Mionzi inaweza, kwa wachache, kuleta saratani nyingine miaka mingi baadaye. Lakini huyu ana saratani sasa hivi, na isipotibiwa haitamwachia hiyo miaka mingi ya kuhofia. Mwambie pia kwamba mke wako hatarudi na mionzi mwilini. Ile ya nje inapita kama mwanga, mashine ikizimwa imekwisha; ile ya ndani, chombo kinaingizwa na kutolewa, hakibaki kitu. Atapika, atambeba mtoto, mtakula sahani moja. Mimi shemeji yangu alinitengea kikombe changu peke yangu, nikakitumia kimya wiki nzima, siku ya nane nikakivunja.

Mizizi ni hapana, na wala sina ugomvi na mitishamba. Mafua nayatibu kwa asali na ndimu mpaka leo. Lakini mwezi mmoja wa kusubiri ni mwezi wa uvimbe kukua. Dawa za kuweka ukeni zinachubua pale penye kidonda. Na akianza dripu, ile inayotumika sana pamoja na mionzi ya shingo ya kizazi hukaba figo. Ndiyo maana wanamwagia maji mengi ya mishipa kwanza. Ukichanganya na mizizi ambayo hata mwenye kuichimba hajui imebeba nini, figo mbili zinahemea maji. Kama amekwisha kunywa, amwambie daktari bila woga. Hatachapwa.

Lililobaki ni siku. Mimi nilipata mionzi ya nje siku 25, tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili unapumzika, dripu mara moja kwa wiki, kisha ile ya ndani. Vyote vinatakiwa viishe ndani ya wiki 8. Zikizidi, seli zilizosalia zinatumia zile siku ulizokosa kuzaana upya. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mama wa Kasulu, alikwenda msibani katikati ya tiba akakaa wiki tatu. Hakuna wa kumlaumu, alikuwa mama yake mzazi. Mwaka uliofuata sikumwona kwenye foleni ya marejeo na sikuthubutu kuuliza. Kwa hiyo panga kabla hamjaondoka: nani atakaa na watoto, nani atachambua tumbaku, nauli ya kurudi iwekwe isiguswe. Fedha zikikwama, hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nenda na barua ya mtendaji, usiondoke kimyakimya. Na akipata homa ya nyuzi 38 wakati wa dripu, hilo ni la usiku huohuo, si la kungoja kukuche, maana dripu hupunguza askari wa mwili.

Akimaliza, msitupe kadi. Marejeo ni kila miezi mitatu au zaidi kidogo kwa miaka miwili ya kwanza, halafu yanapungua. Damu mpya, mguu kuvimba mmoja, maumivu ya kiuno yasiyoisha, arudi kabla ya tarehe. Hedhi yake haitarudi, kwani mionzi huzima mayai, na joto la ghafla litamwamsha usiku. Ukimwona anatupa shuka si kwamba amekukasirikia. Mambo ya ndoa mtaacha wakati wa mionzi na wiki kadhaa baadaye mpaka daktari amwangalie. Kisha njia hujaribu kujifunga kwa makovu, kwa hiyo watampa maelekezo na pengine kifaa cha kuizuia. Nenda naye siku hiyo ya maelekezo. Wanaume wengi hubaki nje wakiangalia simu, kisha nyumbani wanadhani mke anaringa.

Na saratani moja haimpi stakabadhi ya kusamehewa nyingine. Matiti yake aendelee kuyajua, pombe apunguze au aache, moshi usirudi. Kinga ile ya "nini tena" ndiyo hiyo.

Mabinti: wote wawili wachanjwe, wiki hii kama inawezekana. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Inafanya kazi vizuri kabla hawajakutana na kirusi, ndiyo maana inatolewa wangali wadogo, si kwa sababu serikali inadhani binti yako ana tabia mbaya. Haimalizi uzazi. Haimtibu mama yao pia, asije mtu akamwahidi. Aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, ndizo zinazoleta karibu saratani saba katika kila kumi za shingo ya kizazi, na chanjo inazikinga zote mbili.

Swali: Mama habari za kazi. Nimesikia redioni kwamba saratani ya shingo ya kizazi inapimwa kwa siki. Mimi naona aibu kwenda kliniki, wahudumu wengi ni majirani zangu hapa Isevya. Nimenunua chupa ya siki dukani. Naweza kujipaka mwenyewe na pamba nikaona matokeo? Nina miaka 36.

*Mama wa nyumba ya kupanga, Isevya*

Jibu: Nilicheka, samahani, halafu nikasikitika, kwa sababu hukukosea sana. Siki ni ileile, ya nguvu ya asilimia 3 mpaka 5, kama ya kachumbari. Kinachopima ni jicho. Nesi anafungua njia kwa chombo, anamulika taa, anapaka siki, anasubiri kama dakika moja. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe kama ukoko wa maziwa. Wewe mwenyewe hata ukiwa na kioo huwezi kuiona shingo ya kizazi yako, na siki ikimwagika pasipotakiwa utaikumbuka siku tatu.

Kama kuna weupe haina maana una saratani. Mara nyingi ni hatua ya kabla, na unaweza kutibiwa siku hiyohiyo, kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, dakika chache, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Hapo ndipo ningetamani mtu angenikuta mimi. Usipokutwa na kitu, rudi baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi na arudi mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yake ni kama mara sita ya wengine.

Kuhusu majirani, nakuelewa kuliko unavyodhani, nimeeleza hapo juu aibu ilinigharimu nini. Panda daladala uende kituo cha kata nyingine. Hakuna sheria ya kupimwa mtaani kwako.

Swali: Mwangaluka mama. Karanga zetu mwaka huu zilinyeshewa zikiwa uwanjani, nyingine zina ukungu wa kijani. Mke wangu anazichagua, zilizooza anawapa kuku, zile zenye ukungu kidogo anakaanga na kusaga kwa ajili ya mboga ya nsansa. Mwanangu wa sekondari anasema zinaleta kansa ya ini. Kweli au ni maneno ya shule?

*Mzee wa Uyui*

Jibu: Mwangaluka baba. Mtoto yuko sahihi, na ada uliyolipa haikupotea. Ukungu ule unatoa sumu iitwayo aflatoksini, inashambulia ini, na kukaanga hakuimalizi. Wala kuchagua hakutoshi kwa zile zilizokwisha kusagwa, maana sumu haina rangi. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote zitupwe, hata kwa kuku zisiende. Mwakani zianikwe juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye udongo, na zisiwekwe kwenye gunia mpaka zikitikiswa zinalia ndani ya ganda. Mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi akila sumu hii, kwa hiyo mpime na hiyo. Watoto wachanga wa siku hizi huchanjwa kwenye sindano zao za kawaida za kliniki; sisi wazee ndio hatukupata.

Swali: Dada yangu, mtoto wangu wa miaka 7 ni albino. Tunaishi Kasulu, anapenda mpira kuliko kula. Ameanza kupata vipele vigumu juu ya masikio na mdomo wa chini unapasuka. Jirani ananiambia ni utapiamlo, nimpe mawese.

*Mama wa Kasulu*

Jibu: Mawese mpe, ni chakula kizuri, lakini hayo ya masikioni ni jua. Ngozi yake haina rangi ya kujikinga, na masikio, mdomo, shingo ya nyuma na mikono ndipo saratani ya ngozi hupenda kuanzia kwa watoto na vijana wenye ualbino. Vipele vigumu visivyopona ni vya kuonyeshwa daktari mwezi huu. Vikishughulikiwa vikiwa vidogo huishia hapohapo.

Mpira usimkataze. Acheze asubuhi mapema au jua likishaelekea kuzama. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote, kwa sababu ile ya kepu inaacha masikio nje, na mikono ya shati iwe mirefu, kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Omba shule imkalishe mbali na dirisha la jua na imruhusu kuvaa kofia paredi. Mafuta ya kujikinga na jua yapo yanayotengenezwa kwa ajili yao hapahapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi, yanaitwa Kilisun. Ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino kama yanafika huko. Yapakwe na masikioni. Akina mama wengi hupaka uso vizuri sana na kusahau masikio, na hayo ndiyo yaliyoanza kwa mwanao.